Mnyonge na Jukwaa: Augusto Boal, Penina Muhando na Haki ya Kusimamisha Mchezo

Kiswahili kina methali inayotumika mno mabarazani: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Methali hii husifiwa kwa sababu ya nusu yake ya pili, lakini ni nadra muundo wake kuchunguzwa. Vitenzi vyake viwili ni vya kuamuru, na amri zote mbili wanapewa watu wengine: ninyi mnyongeni, ninyi mpeni. Mnyonge mwenyewe hasemeshwi. Anatajwa, ananyongwa, anapewa haki, na katika yote hayo hafungui kinywa. Hata haki yake inamfikia kwa mikono ile ile iliyomnyonga.

Mhadhara huu unawahusu watu wawili wa sanaa za maonyesho ambao kazi yao inaweza kusomwa kama jibu kwa kasoro hiyo. Wa kwanza ni Augusto Boal, mwongozaji wa michezo wa Brazil. Wa pili ni Penina Muhando, ajulikanaye pia kwa jina la Mlama, mwandishi na mwongozaji wa Tanzania. Hoja itakayotetewa ni kwamba jukwaa linalomsemea mnyonge, hata likimsemea kwa ufasaha na kwa nia njema, linamwacha katika unyonge wake. Jukwaa linalomtoa humo ni lile linalomruhusu ausimamishe mchezo na kusema, “Si hivyo.” Aidha, itatetewa kwamba hoja hii haitoshi kupimwa katika kumbi za Rio de Janeiro wala za Dar es Salaam. Kipimo chake kiko mahali kama Kwedizinga, kata ya Handeni mkoani Tanga, katika nchi ya Wazigua inayopakana na Korogwe.

Mwongozaji aliyeulizwa bunduki

Boal alizaliwa Rio de Janeiro mwaka 1931. Baba yake, mhamiaji kutoka Ureno, alikuwa na duka la kuoka mikate. Kijana huyo alisomea kemia, akapelekwa New York katika Chuo Kikuu cha Columbia, na huko akachanganya masomo yake na uandishi wa michezo ya kuigiza. Aliporejea alijiunga mwaka 1956 na jumba la Arena la São Paulo, jumba dogo ambalo watazamaji wake huwazunguka waigizaji pande zote. Chini ya uongozi wake na wa wenzake, Arena liliacha kuiga mitindo ya Ulaya na kuanza kuonyesha maisha ya Wabrazili wa kawaida. Mwaka 1958 lilionyesha mchezo wa Gianfrancesco Guarnieri kuhusu mgomo wa wafanyakazi wa kiwandani, jambo lililokuwa geni kwa majumba ya sanaa ya nchi hiyo.

Mwaka 1964 wanajeshi walitwaa madaraka nchini Brazil, na utawala wao ulidumu hadi 1985. Mwaka uliofuata mapinduzi hayo, Boal na Guarnieri walionyesha mchezo kuhusu Zumbi, kiongozi wa Palmares, dola ya watumwa waliotoroka mashamba ya miwa na kujitawala katika karne ya 17. Makazi ya namna hiyo huitwa “quilombo” nchini Brazil, neno lenye asili ya Kikimbundu cha Angola, yaani neno la Kibantu lililovuka bahari pamoja na watu wake. Kwa kuwa wakubwa wa serikali hawakuweza kusemwa waziwazi, wafu wa Palmares waliitwa waje kusema.

Hata hivyo, Boal mwenyewe alikuja kuutilia shaka usemaji wa namna hiyo. Alisimulia mara nyingi kisa kilichotokea kaskazini-mashariki ya Brazil. Kundi lake lilikuwa limewaigizia wakulima mchezo ulioishia kwa waigizaji kuinua bunduki na kuhimiza damu imwagwe kwa ajili ya ardhi. Mkulima mmoja aliguswa hata akawaalika waigizaji wale wale, pamoja na silaha zao, waende wakapambane na mwenye shamba aliyewafukuza wenzake. Waigizaji wakalazimika kueleza kwamba bunduki zile ni za kuigizia tu, hazipigi. Mkulima akawaambia kwamba, kumbe, walipozungumza juu ya kumwaga damu, walikuwa wakizungumza juu ya damu ya wakulima na si ya kwao. Tangu hapo Boal aliapa kutompa mtu yeyote ushauri ambao yeye mwenyewe hayuko tayari kuulipia gharama.

Mwaka 1971 alikamatwa, akateswa, kisha akaenda uhamishoni Argentina. Mwaka 1973 alishiriki nchini Peru katika mpango wa kufuta ujinga uliofuata mafunzo ya Mbrazili mwenzake, Paulo Freire. Huko alikuwa na desturi ya kuusimamisha mchezo penye tatizo na kuwaomba watazamaji watoe mapendekezo, ambayo waigizaji waliyatekeleza. Kwa maelezo yake, siku moja mwanamke mmoja alitoa pendekezo, waigizaji wakalijaribu, akasema sivyo. Wakalijaribu tena, akasema bado sivyo. Mwishoni aliombwa apande jukwaani aonyeshe mwenyewe. Akapanda, na mwigizaji aliyekuwa mume katika mchezo akakiona cha mtema kuni. Boal alihitimisha kwamba mtu akipanda jukwaani mwenyewe hutenda jambo ambalo hakuna mwigizaji angeweza kulitenda kwa niaba yake.

Hapo ndipo ilipozaliwa njia ambayo kwa Kiswahili inaweza kuitwa maonyesho ya baraza. Mchezo mfupi unaigizwa, nao unaishia kwa mtu kuonewa. Unaigizwa mara ya pili, na safari hii mtazamaji yeyote anaweza kupaza sauti, kuusimamisha, kuchukua nafasi ya anayeonewa na kujaribu njia nyingine. Waigizaji waliobaki hawamlegezei kamba, bali humpinga kama ambavyo maisha yangempinga. Mwendeshaji, ambaye Boal alimpa jina la ile karata ya ziada inayoweza kukaa mahali popote, hauambii umma jibu lililo sahihi. Kazi yake ni kuuliza. Kitabu kilichoeleza nadharia hiyo kilitoka mwaka 1974. Boal aliishi baadaye Ureno na Ufaransa, akarejea Brazil mwaka 1986, na kuanzia 1993 hadi 1996 alikuwa diwani wa jiji la Rio. Katika kipindi hicho hoja zilizoibuka katika maonyesho ya mitaani zilipelekwa barazani, na 13 kati yake zikawa sheria. Alifariki mwezi Mei 2009.

Miaka ile ile, upande huu wa bahari

Mambo haya hayakuwa mageni kwa Afrika Mashariki. Miaka minne baada ya mchezo wa Zumbi, Ebrahim Hussein alichapisha Kinjeketile (1969). Mchezo huo nao uliwaita wafu, mashujaa wa vita vya Maji Maji, waje kuzungumza na taifa changa. Lakini Hussein alikwenda mbali zaidi ya kuwasifu. Kinjeketile wake anazaa neno, na neno linapokwisha kutoka kinywani linakuwa kubwa kumshinda yeye aliyelitamka. Swali la nani analimiliki neno linalosemwa kwa jina la umma liliwekwa mezani mapema katika tamthilia ya Kiswahili.

Katika miaka hiyo hiyo ilienea ngonjera. Mathias Mnyampala aliikuza kama ushairi wa kujibizana unaoigizwa, na mabuku ya Ngonjera za Ukuta yalisomwa mashuleni kote. Ngonjera ina watu wawili au zaidi, ina mabishano, na kwa mtazamo wa haraka inafanana na baraza. Tofauti iko mwishoni. Katika ngonjera ya siasa, asiyejua huuliza, ajuaye hujibu, na asiyejua hukiri kwamba ameelimika. Mshindi anajulikana kabla ya beti la kwanza. Ni sanaa yenye ladha na ilifanya kazi yake katika ujenzi wa taifa, lakini mtu aliyeketi mbele yake amebakiwa na jambo moja tu la kufanya, nalo ni kukubali.

Paulo Freire alifika Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati nchi ilipokuwa katika harakati kubwa za elimu ya watu wazima. Kwa hiyo mizizi iliyomlisha Boal kule Peru ilikuwa inagusa pia udongo wa Tanzania. Ndiyo sababu si sahihi kuzieleza kazi za Watanzania kama mwigo wa Boal. Ni sahihi zaidi kusema kwamba swali moja liliulizwa pande mbili za Atlantiki, na kila upande ulilijibu kwa akiba yake wenyewe.

Penina Muhando na akiba ya nyumbani

Akiba ya Penina Muhando ilitoka Ukaguru. Alizaliwa Berega, mkoani Morogoro, mwaka 1948, akasoma na baadaye kufundisha sanaa za maonyesho katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Michezo yake ya mwanzo, kama Hatia (1972) na Heshima Yangu (1974), imeandikwa kwa Kiswahili chepesi cha watu wa kawaida. Utafiti wake wa shahada ya uzamivu ulihusu sanaa za jadi za Wakaguru kama taasisi ya kufundishia. Kwa mtazamo huo, unyago, ngoma na hadithi havikuwa burudani zilizosubiri kugeuzwa kuwa sanaa na wasomi. Vilikuwa shule kamili, vyenye walimu, mitaala na njia za kupima waliofundishwa.

Mwaka 1982 na 1983, yeye, Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikazi walifanya kazi katika kijiji cha Malya, mkoani Mwanza. Hawakwenda na mchezo uliokwisha kuandikwa. Walikaa na wanakijiji, wakawasikiliza wakitaja matatizo yao, likiwemo la mimba za wasichana wadogo, wakayachambua pamoja nao, na ngoma za pale pale zikawa lugha ya kuyaonyesha. Baada ya maonyesho yalifuata majadiliano, na majadiliano hayo yalihesabiwa kuwa sehemu ya kazi yenyewe. Uzoefu wa Malya na wa vijiji vingine ulielezwa katika kitabu chake cha mwaka 1991 kuhusu utamaduni na maendeleo barani Afrika.

Mwaka 1996 ulianzishwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mradi uliopewa jina la Tuseme. Wasichana wa shule za sekondari walitakiwa watambue wenyewe mambo yanayowazuia kusoma, wayatungie michezo, na kuyaonyesha mbele ya walimu na wazazi wao. Baadaye mradi huo ulienea katika nchi nyingine za Afrika kupitia shirika la FAWE, ambalo Muhando aliliongoza. Jina lake linastahili kuangaliwa kwa jicho la sarufi. “Tuseme” si amri wanayopewa wengine kama “mpeni” ya methali. Ni kitenzi cha dhamira tegemezi katika nafsi ya kwanza wingi, nacho kinatamkwa na wale wale watakaokitekeleza. Mnyonge amehama kutoka kuwa yambwa na sasa ni kiima.

Kipimo cha Kwedizinga

Uzigua na Brazil haziko mbali kama ramani inavyodai. Mkonge ulioletwa Tanganyika mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf ulifunika ardhi kubwa ya Korogwe na kuwavuta manamba kutoka pembe zote za nchi. Leo nchi inayoongoza duniani kwa zao hilo ni Brazil. Mkata mkonge wa Korogwe na mwenzake wa kaskazini-mashariki ya Brazil, nchi ya yule mkulima aliyeuliza bunduki, wamechomwa na miiba ya mmea mmoja.

Aidha, Wazigua wanacho kisa chao cha Palmares. Katika karne ya 19, baadhi yao, wakisukumwa na njaa, waliishia utumwani katika mashamba ya kusini mwa Somalia. Wengine walitoroka, wakajijengea vijiji katika bonde la mto Juba, na wakaendelea kusema Kizigua chao kwa zaidi ya miaka 150. Baada ya dola ya Somalia kusambaratika mwaka 1991, sehemu ya wazao wao walirudi kama wakimbizi, wakapewa makazi Chogo, huko huko Handeni. Zumbi alipata jukwaa São Paulo. Kisa hiki kinastahili jukwaa lake, na wenye haki ya kwanza ya kusema “sivyo ilivyokuwa” wako umbali mfupi kutoka Kwedizinga.

Basi na iulizwe: maonyesho ya baraza yakipelekwa Kwedizinga, yatakutana na nini? Kwanza, yatakutana na suala la lugha. Kiswahili ni lugha ya mkutano, ya shule na ya zahanati. Kizigua ni lugha ya jikoni, ya shambani na ya msibani. Lugha hizi ni za ukoo mmoja wa Kibantu cha pwani ya kaskazini-mashariki, na Kizigua, pamoja na Kishambaa, Kibondei na Kinguu, kimo katika tawi liitwalo Seuta. Hata hivyo, mtu anayeusimamisha mchezo kwa hasira husema kwa lugha aliyoonewa kwayo. Mwendeshaji anayemtaka kwanza aifasiri hasira yake kwa Kiswahili sanifu amekwisha kumrudisha kwenye kiti. Kauli hii haikipunguzii Kiswahili heshima. Kiswahili kilikua kwa kupokea, na tamthilia ya Kiswahili itakayomwachia msemaji Kizigua chake kwa sentensi tatu itakuwa imetajirika.

Pili, yatakutana na adabu. Boal alitoka katika jamii ambamo kumkatiza mkubwa hadharani ni ujasiri. Katika vijiji vya Handeni jambo hilo laweza kuhesabiwa kuwa utovu wa heshima, na msichana anayemkatiza baba, hata baba wa kuigiza, atalala nyumbani kwa baba wa kweli usiku ule ule. Bunduki za bandia za Brazil zinarudi hapa kwa sura nyingine. Kikundi kinachomhimiza msichana aseme, kisha kikapanda gari na kuondoka, kimemshauri gharama kisiyoilipa. Jibu si kumnyamazisha. Jibu ni kutafuta katika utamaduni wenyewe milango ambayo tayari iko wazi. Mlango mmoja ni utani. Mtani husema msibani maneno ambayo mwingine angeyasema angefukuzwa, na husamehewa kwa kuwa cheo chake kinamruhusu. Mlango mwingine ni hadithi, ambamo mdogo kama sungura humshinda mkubwa kila jioni mbele ya wakubwa wenyewe. Mwendeshaji anayeijua milango hii anaweza kuupanga mchezo kwa namna ambayo msemaji anabaki na kinga.

Tatu, yatakutana na mazoea yaliyoachwa na sanaa za mradi. Kwa miaka mingi vijiji vingi vya Tanzania vimetembelewa na vikundi vinavyoigiza juu ya vyandarua, vyoo au UKIMWI, kwa ujumbe uliokwisha kuamuliwa na mfadhili. Mambo hayo ni ya maana, na yako maisha yaliyookolewa. Lakini umbo lake ni lile la ngonjera: asiyejua anaelimishwa, kisha anapiga makofi. Hata pale watazamaji wanapoalikwa jukwaani, mara nyingi wanaalikwa walitaje jibu ambalo bango limekwisha kuliandika. Kumpandisha mtu jukwaani hakutoshi, kwa maana hata mfungwa hupandishwa kizimbani. Alama ya baraza la kweli ni kwamba mwenye kuliandaa anaweza kushindwa mbele ya watu wote, na mchezo ukageuka kumhoji yeye.

Hadhira na ubani

Istilahi za taaluma hii zinahitaji uangalifu kwa sababu ndani yake mna msimamo. Kuiita kazi ya Boal sanaa ya wanyonge ni rahisi, lakini unyonge kwa Kiswahili ni hali, kama ulemavu au ufupi, hautaji aliyeusababisha. “Waonewa” ni neno zito zaidi, kwa kuwa kitenzi cha kutendwa hudai mtenda, na asemaye “nimeonewa” ataulizwa mara moja, “na nani?” Vivyo hivyo, “mtazamaji” ni jina la macho tu. Taaluma ya fasihi simulizi ya Kiswahili inalo neno bora, hadhira, lenye mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kuwapo. Kutoka mzizi huo yametoka pia kuhudhuria, hadharani, na mhadhara wenyewe. Hadhira si kundi linaloangalia. Ni watu waliopo. Anayetamba hadithi hulijua jambo hili, kwani akisema “paukwa” na asiitikiwe “pakawa”, hadithi haianzi. Haki ya kuitikia ni haki ya kutoitikia, na kutoitikia ni njia kongwe ya kuusimamisha mchezo.

Mwaka 1984 Penina Muhando alichapisha mchezo aliouita Lina Ubani. Msemaji wa Kiswahili husikia nyuma ya jina hilo methali isemayo kwamba la kuvunda halina ubani, yaani jambo lililokwisha kuoza halina dawa. Jina la mchezo limechukua silabi moja ya kukanusha na kuiondoa. Methali ilikuwa inapita, kama zipitavyo methali zote, ikiwa na mamlaka ya wahenga na bila kutazamia jibu, na mtu aliyekuwapo akaisimamisha na kusema sivyo. Hicho ndicho kitendo ambacho Boal alikitafuta kwa miaka mingi na katika nchi nyingi. Kwa Kiswahili kinaweza kufanywa kwa silabi moja, na mwenye haki ya kuitamka silabi hiyo Kwedizinga ni Mkwedizinga mwenyewe.